Nakwenda kuona gari la mtu Jumamosi hapa Uingereza: bima ya kulijaribu ni ya kwake au ya kwangu?

Kobe wa Leicester
Wakuu, habari za majukumu. Nipo Leicester. Leseni yangu ya Bongo ilishamaliza ile miezi 12 inayoruhusiwa, nikaingia darasani kama mtoto, nikafaulu mtihani wa hapa mwezi wa tatu. Sasa natafuta gari.

Nimepata Toyota Yaris ya 2014 ya mtu binafsi kule Loughborough, bei inaongeleka. Nimemwambia nataka kuliendesha kidogo kabla sijatoa hela, akanijibu: "Karibu sana, gari lina bima kubwa, usiwe na shaka." Nyumbani jibu hilo lingenitosha kabisa, ningepanda nikazungusha. Ila jamaa ninayekaa naye ananiambia nikithubutu nitapoteza leseni niliyoisotea.

Nani mkweli hapa? Na hizi bima za saa moja moja ninazoziona kwenye simu ni za kweli au ni usanii? Kwa sasa sina bima yoyote kwa sababu sina gari. Nawasilisha.

Dereva Mzoefu
Nenda kaendeshe mkuu, acha woga. Gari lina bima, mwenyewe amekaa pembeni, amekuruhusu kwa mdomo wake. Tatizo liko wapi? Mimi nimeendesha magari ya washkaji kibao Reading hadi Slough na hakuna aliyewahi kuniuliza kitu.

Mama Twins
Hajaulizwa ndiyo, siku akiulizwa atakuja kufungua uzi wa kuomba msaada. Kobe mdogo wangu, usimsikilize. Subiri wenye kujua.

Karani wa Bima
Nafanya kazi upande wa madai ya bima za magari hapa Birmingham, kwa hiyo nitakwenda kwa kirefu. Wasiopenda marefu waruke.

Nyumbani, Tanzania na hata Kenya, bima inakaa kwenye gari. Unakata bima ya gari, na kwa kawaida karatasi inamruhusu yeyote mwenye leseni halali aliyepewa ruhusa na mwenye gari. Ndiyo maana unampa shemeji funguo akaenda Kibaha na kurudi, na trafiki akimsimamisha anataka kujua gari lina bima au halina, basi. Ukitaka kuhakiki Tanzania unaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, jibu linakuja.

Hapa bima imeandikwa majina ya watu. Huyo bwana wa Loughborough amekata bima kubwa, sawa, simbishii. Lakini imemtaja yeye, na pengine mkewe. Wewe haumo. Ukishika usukani wewe, kisheria unaendesha bila bima kuanzia mita ya kwanza, hata kama yeye amekaa kushoto kwako na amelipia mwaka mzima. Zipo bima za "dereva yeyote", ila ni chache na ghali. Kama anadai anayo, akuonyeshe cheti, na usome mstari unaosema nani anaruhusiwa kuendesha. Usimuulize kama gari lina bima. Muulize, au jiulize mwenyewe: mimi nikiliendesha hili gari, saa hii, nina bima?

Adhabu zake: sheria ni ile ya barabarani ya 1988, kifungu cha 143. Ukikamatwa, faini ya kulipa bila mahakama ni pauni 300 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni. Ikifika mahakamani faini haina kikomo, na hakimu anaweza kukufungia usiendeshe kabisa kwa muda. Polisi wana mamlaka ya kulibeba gari palepale, na kulitoa kule yadi ni gharama nyingine.

Halafu wewe mwenye mada umefaulu juzi. Dereva aliye ndani ya miaka miwili ya kwanza akifikisha pointi 6 leseni yake inafutwa, na anaanza moja: leseni ya kujifunzia, mtihani wa nadharia, mtihani wa barabarani. Kwa hiyo kosa moja tu la bima linakumaliza. Jamaa unayekaa naye hakukudanganya hata kidogo.

Na hiki wauzaji wengi hawakijui: kifungu hichohicho kinambana na aliyekuruhusu. Wewe utaandikiwa kwenye leseni IN10, namba ya kosa la kuendesha bila bima, yeye ataandikiwa IN14, ya kumruhusu mtu aendeshe bila bima, naye anakula pointi. Mwambie hivyo kwa upole, utaona anavyobadilika ghafla na kuanza kupenda makaratasi.

Bima za saa ni za kweli. Cuvva, Veygo, Tempcover, Dayinsure na wengine wanauza bima ya muda mfupi, kuanzia saa moja au siku moja hadi takriban mwezi, kutegemea kampuni. Nyingi ni bima kubwa, siyo ile ya mtu wa tatu peke yake. Na kwa kuwa ni bima yako mwenyewe inayojitegemea, ukigonga, madai yanakwenda kwenye bima yako, yule bwana hapotezi punguzo lake la miaka ya kutodai. Hoja hiyo inawafungua wauzaji wengi.

Dereva Mzoefu
Karani, hapo kuna kitu umekiacha. Mimi nina bima kubwa ya gari langu, na inaniruhusu kuendesha gari la mtu mwingine. Kwa hiyo sikuwa navunja sheria.

Karani wa Bima
Labda. Kipengele hicho kipo kwenye baadhi ya bima, na siku hizi kampuni nyingi zimekiondoa. Mara nyingi kinapewa watu wa miaka 25 na kuendelea, na ni kwa aliyekata bima mwenyewe tu, siyo dereva aliyeongezwa jina. Na hata ukiwa nacho, kinalipia uliyemgonga tu. Yaris ya watu ukiipiga kwenye nguzo, matengenezo yanatoka mfukoni kwako. Kampuni nyingine zinataka pia gari lile liwe na bima yake iliyo hai. Na siku ukilinunua, kipengele hakifanyi kazi tena, maana gari limeshakuwa lako.

Kisome kwenye cheti cha bima, palipoandikwa wanaoruhusiwa kuendesha. Sentensi hiyo kama haipo, huna.

Dereva Mzoefu
Haipo. Tuendelee na mada.

Mama Twins
😂😂😂 Reading hadi Slough.

Konda wa Zamani
Kwani lazima kuingia barabarani? Mwambie mkutane kwenye maegesho ya Tesco Jumapili asubuhi, unazungusha raundi mbili tatu, unasikiliza injini, mnamalizana. Pale si barabara.

Karani wa Bima
Konda, sheria inasema barabara "au mahali pengine pa umma". Maegesho ya supamaketi watu wote wanaingia, kwa hiyo yamo. Ua wa mtu uliofungwa geti ni hadithi nyingine, lakini ndani ya ua utajua nini kuhusu gari? Kwamba honi inalia.

Nyota ya Kilindini
Mimi niko London, na hili jambo limenikuta upande wa pili, nikiwa muuzaji. Niliuza Honda Jazz yangu mwaka jana. Kijana wa kwanza alipotaka kuijaribu nilimwambia ngoja ngoja, leta bima yako kwanza. Akatoa simu palepale kizingitini. Akaingiza namba ya gari, programu ikamletea yenyewe aina na mwaka. Ikamuuliza thamani ya gari, kazi yake, anwani, namba ya leseni, kisha akajipiga picha ya uso. Akalipa. Cheti kikaingia kwenye barua pepe yake, akanitumia nami.

Nikakisoma neno kwa neno. Jina sawa, namba ya gari sawa, lakini saa ya kuanza ilikuwa saa tano na nusu, na ilikuwa bado dakika ishirini. Ameweka mwenyewe bila kuangalia. Akataka twende hivyohivyo. Nikamwambia walahi hatutoki, tukakaa ndani ya gari, injini imezimwa, mpaka saa ikatimia. Alininunia kidogo. Lakini ndiye aliyenunua, na tunasalimiana mpaka leo.

Kwa hiyo Kobe, kwenye cheti angalia vitu vitatu: jina, namba ya gari, saa ya kuanza na kuisha. Ukikosea herufi moja ya namba ya gari umekatia bima gari la mtu usiyemjua.

Karani wa Bima
Dada Nyota amemaliza. Niongeze tu: kamera za barabarani zinasoma namba za magari na kulinganisha na hifadhidata ya bima, na bima ya saa chache inaweza isionekane humo kwa haraka. Weka cheti kwenye simu, kiwe kimeshapakuliwa, usitegemee mtandao. Ukisimamishwa unakionyesha.

Mpemba Halisi
Asalaam alaykum. Na sisi tuliofika karibuni na leseni ya Zanzibar mfukoni, hizo bima za saa tunapata?

Karani wa Bima
Waalaykum salaam sheikh. Unaruhusiwa kuendesha kwa leseni ya nyumbani kwa miezi 12 tangu uwe mkaazi. Ndani ya muda huo zipo kampuni chache zinazokubali leseni ya nje, wengi wanakataa. Soma masharti kabla ya kulipa, na usijaze kwamba una leseni ya hapa wakati huna. Taarifa ya uongo inaweza kuifanya bima isikulipe siku ya shida. Ikishapita miezi 12 hakuna bima itakayokuokoa, maana leseni yenyewe haifai tena.

Na leseni ya Tanzania au Kenya haibadilishwi hapa kwa kujaza fomu. Wa Afrika Kusini na Zimbabwe wanabadilishiwa. Jirani yangu wa Harare alituma karatasi kwa posta, mimi nikalipia masomo ya kuegesha kinyumenyume na nimeendesha Fuso Mbeya hadi Dar. Sijasamehe.

Mpemba Halisi
Ahsante. Na mwenye leseni ya kujifunzia?

Karani wa Bima
Ipo bima ya muda mfupi ya wanaojifunza pia. Lakini lazima awe na wewe mtu wa miaka 21 au zaidi aliyekaa na leseni kamili si chini ya miaka mitatu, na gari libandikwe zile L nyekundu mbele na nyuma. Kujaribu gari la kununua kwa mtindo huo inawezekana, ila muuzaji aambiwe mapema asije akashtuka.

Mama Twins
Naomba kuuliza kitu. Kwenye kundi letu la WhatsApp yupo mtu anatangaza bima, ya mwezi na ya siku, karibu nusu ya bei. Unatuma picha ya leseni na hela kwenye akaunti yake, anakutumia cheti kina nembo na kila kitu. Wawili watatu wamekata kwake.

Karani wa Bima
Mama Twins, kimbia. Hao ni mawakala hewa. Wapo wanaotengeneza cheti cha uongo moja kwa moja. Wapo wanaokata bima ya kweli kwa taarifa za kughushi ili bei ishuke, halafu wanaifuta na kuchukua marejesho wao. Wewe unabaki na karatasi nzuri isiyo na kitu nyuma yake, na polisi hapunguzi adhabu kwa kuwa ulitapeliwa. Anayeuza bima hapa lazima awe kwenye rejesta ya FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha, ambayo iko wazi, unatafuta jina bure. Wanaotafuta wateja kwenye makundi yetu wanajua tunaaminiana kwa sababu ya Kiswahili, na hapo ndipo wanapopigia.

Mama Twins
Nimewatumia wale wawili watatu uzi huu. Mmoja ameshanijibu kwa matusi, mwingine amekaa kimya.

Fundi Bati
Nilikuwa nawasoma tu. Mimi ni fundi, nitasema ya kwangu. Bima ya saa moja watu wanaikata ili wazunguke mtaa mara mbili kwa mwendo wa kinyonga, wanarudi wanasema gari safi. Hapo umetupa hela. Ukishalipia muda, utumie.

Kabla hujatoka nyumbani ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali uone historia ya MOT, ule ukaguzi wa lazima wa gari wa kila mwaka, bure kabisa. Utaona kilomita, yaani maili, za kila mwaka, na yale maonyo ambayo gari lilipita nayo: tairi zimekwisha, kutu chini, bushi za saspenshoni. Onyo lilelile likijirudia miaka mitatu, mwenye gari si mtu wa kutengeneza.

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, muulize kwa nini. Gari lenye shida ya kuwaka asubuhi linapashwa joto kabla mteja hajafika, mchezo huo upo Kariakoo na upo Loughborough. Washa mwenyewe, sikiliza sekunde za mwanzo, mtu mwingine aangalie moshi nyuma.

Barabarani, kwa kuwa una bima yako mkononi, usikubali kuelekezwa njia na muuzaji. Pale Loughborough shika barabara ya A6 au nenda hadi barabara kuu ya M1, junction 23 ipo karibu. Ukifika maili 50 zima redio, sikiliza magurudumu. Mngurumo unaobadilika ukikata kona ni beringi. Weka gia kubwa kwenye mwendo mdogo, kanyaga mafuta: injini ikipandisha sauti na gari halikimbii, klachi imekwisha. Tafuta pasipo na gari nyuma, shika breki kwa nguvu ukiwa umelegeza usukani kidogo, uone gari linavuta upande gani.

Saa mbili zinatosha. Saa moja utaimalizia kusalimiana.

Konda wa Zamani
Na ukinunua kwa yadi badala ya mtu binafsi? Wale si wana bima yao?

Karani wa Bima
Wengi wanayo, ya biashara ya magari, inayomfunika mteja anayejaribu. Utaonyesha leseni, utasaini karatasi, mara nyingi muuzaji anakaa pembeni. Uliza mambo mawili kabla hujasaini: je, inanifunika mimi, kwa umri wangu na leseni yangu mpya, maana nyingine zinakataa vijana au waliofaulu karibuni, na nikiligonga nitadaiwa kiasi gani kabla bima haijaanza kulipa. Hicho kiasi cha mwanzo kinaweza kuwa kikubwa kuliko ulivyodhani, nacho kimeandikwa kwenye karatasi wanayokupa ukiwa umesimama na funguo mkononi.

Nyota ya Kilindini
Na kama unajaribu gari London, kumbukeni ULEZ, ile tozo ya magari yanayochafua hewa. Tangu Agosti 2023 imefika kila mtaa wa jiji. Gari la petroli lisilofikia kiwango cha moshi cha Euro 4, au dizeli lisilofikia Euro 6, ni pauni 12.50 kwa siku hata ukiendesha dakika kumi. Mkubaliane nani analipa, maana bili inamfuata mwenye gari.

Kobe wa Leicester
Wakuu, mrejesho. Nimeenda. Nilimtumia yule bwana maelezo ya Karani juu ya IN14, akajibu kwa neno moja tu, "Noted", kisha akanipigia simu kuuliza kama nitakuja na bima yangu 😄

Nilikata saa mbili, pauni 19 na senti, nina miaka 31 na leseni changa. Kampuni ya kwanza ilinikataa kwa sababu ya uchanga wa leseni, ya pili ikanipokea. Niliweka saa ya kuanza robo saa baada ya muda wa kufika, ili nipate nafasi ya kukagua gari limesimama bila kula muda wa bima.

Boneti ilikuwa baridi. Kuwaka, sawa. Mjini gari lilikuwa tamu kabisa, kama ningeishia pale ningelipa palepale. Kwenye A6 nikafika maili 50, nikazima redio kama alivyosema Fundi. Mngurumo huo hapo, upande wa mbele kushoto. Nikikata kulia unaongezeka, nikikata kushoto unapotea. Yule bwana akaanza kuniongelesha kuhusu mpira.

Fundi Bati
Beringi ya mbele kushoto. Si ugonjwa wa kuua gari, ila ni hoja ya bei. Amepunguza?

Kobe wa Leicester
Amepunguza pauni 250. Tumekubaliana. Sasa swali la mwisho: zile saa mbili zimeisha, gari naendaje nalo nyumbani?

Karani wa Bima
Hongera. Usilitoe pale bila vitu viwili.

Bima mpya: ya muda tena, siku moja au wiki, au uanze kabisa ile ya mwaka. Usiseme nitakata nikifika. Ukishakuwa mwenye gari lazima liwe na bima muda wote hata likiwa limeegeshwa, sheria hiyo ipo tangu 2011, vinginevyo utangaze SORN, yaani taarifa kwa serikali kwamba gari halitumiki barabarani, na liwekwe nje ya barabara ya umma.

Kodi ya barabara: ya muuzaji haihamii kwako. Tangu tarehe 1 Oktoba 2014 kodi inakufa gari linapobadilisha mikono. Chukua kile kipande cha kijani cha V5C, yaani kadi ya gari ya hapa, kipande cha mmiliki mpya, kina namba yenye tarakimu 12. Ingia tovuti ya serikali, lipa ukiwa hapohapo kwake, kisha ndiyo uwashe gari. Na yeye aripoti mauzo DVLA, ofisi ya leseni na usajili wa magari, mbele yako ili kadi mpya ije kwa jina lako.

Kobe wa Leicester
Nimelipa kodi nikiwa jikoni kwake, mkewe ananishangaa. Nimekata bima ya siku saba ya kunivusha, gari liko nje hapa na beringi yake. Fundi, nakutumia ujumbe pembeni unipe bei ya kazi.

Bima ya mwaka mzima nimeanza kuitafuta. Wa kwanza ameniambia pauni 1,400. Hiyo nitaifungulia uzi wake kesho, leo bado nina hasira.